Kuondoa Nywele za Mwili: Ipi Njia Iliyo Bora?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad:

Mlango tuufunguao leo ni mlango ambao waalimu wengi huupita mbio, nami ni mmoja wao. Kwa miaka mingi nimesomesha tohara, na kila nilipofika kwenye sunna za maumbile nilizitaja kwa majina yake tu, kisha nikafunua ukurasa. Hata siku moja, baada ya darsa, mzee mmoja alinivuta kando. Binti yake alikuwa amebakiwa na siku tatu kuolewa. Wanawake waliokuwa wakimtengeneza walimnyoa kwa wembe, kisha siku ile ile wakampaka dawa ya kuondolea nywele, na wakaiacha mwilini muda mrefu ili, kwa maneno yao, "ishike vizuri". Ngozi iliungua. Mtoto akaona haya kusema, akanyamaza mpaka pakafanya usaha, na harusi ikaakhirishwa. "Sheikh," akaniambia yule mzee, "lau mngetusomesha haya, nasi tungaliwasomesha watoto wetu."

Sikuwa na jawabu. Haya ni katika imani, lakini haya imzuiayo mtu kujifunza dini yake au kuuhifadhi mwili wake si haya iliyosifiwa. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi somo hili ni deni ninalolilipa.

HUKUMU YAKE

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameyataja mambo matano kuwa ni katika maumbile aliyoumbiwa mwanadamu: kutahiri, kuondoa nywele za kinena kwa chuma, kupunguza masharubu, kukata kucha, na kung'oa nywele za kwapa. Na katika Sahihi Muslim, Anas (R.A.) amepokea kwamba waliwekewa mpaka wasipite siku 40. Mtu asifahamu kuwa ni sunna kungoja hadi siku ya 40. Huo ndio mwisho wake. Imam Nawawi ameeleza kuwa kipimo ni haja: nywele zikiwa ndefu huondolewa.

Ama njia ya kuziondolea, wanavyuoni wamekubali kila njia yenye kusafisha: kunyoa, kukata kwa mkasi, kung'oa, na kupaka dawa. Wanavyuoni wa Kishafii wameona bora mwanamume anyoe kinena na mwanamke ang'oe, na kwapa ing'olewe na wote. Lakini huo ni ubora, si wajibu. Imepokewa kwamba mtu mmoja aliingia kwa Imam Shafii akamkuta ananyolewa kwapa. Imam akakiri kuwa aijua sunna kuwa ni kung'oa, ila hana nguvu za kuvumilia maumivu. Ikiwa Imam mwenyewe alisema hivyo, basi ni nani kati yetu wa kumlazimisha binti mwenye ngozi laini jambo asiloliweza?

NJIA ZENYEWE

1. Wembe. Hii ndiyo njia nyepesi na ya gharama ndogo, wala haina maumivu. Aibu yake ni kuwa haidumu: hukata unywele juu ya ngozi tu, na baada ya siku chache huota tena. Watu husema kuwa wembe huzidisha nywele. Si kweli. Wembe haufiki kwenye mzizi. Ila unywele uliokatwa huwa na ncha butu, na kwa hivyo mkono huuhisi mgumu. Anyoaye na alainishe kwanza kwa maji ya moto kiasi na sabuni, apitishe wembe kuelekea upande nywele zilalako, wala asikandamize. Na wembe ni wa mtu mmoja. Nimeona nyumba yenye vijana wanne na wembe mmoja juu ya dirisha la chooni; hilo ni kosa kubwa. Ugonjwa wa ini wa aina ya B huambukizwa kwa tone la damu lisiloonekana, na kijidudu chake huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Ugonjwa wa ini wa aina ya C, na hata ukimwi, khatari yake imo humo humo. Ndugu hushirikiana sahani, hawashirikiani wembe.

2. Kung'oa kwa mkono au kibano. Unywele hutoka na mzizi wake, na hukawia wiki kadhaa kuota. Yafaa kwa kwapa, khasa kwa aliyezoea tangu ujana, kwani maumivu humpungukia. Kwa mahali papana ni kazi ndefu. Khatari yake, na ni khatari ya wembe pia, ni unywele kuota kwa ndani ukafanya kipele chenye usaha. Hili huwapata zaidi wenye nywele za kujikunja. Kipele hicho kisitumbuliwe kwa kucha.

3. Sukari iliyopikwa, ambayo Waarabu huiita halawa. Hupikwa vikombe viwili vya sukari, robo kikombe ya maji ya ndimu na robo kikombe ya maji, kwa moto mdogo, mpaka rangi iwe ya asali. Ikipoa hadi mkono uweze kuishika, hukandwa, hupakwa kinyume cha nywele, kisha hung'olewa upesi kuelekea upande nywele zilalako, huku ngozi imevutwa. Nywele ziwe na urefu wa kiasi cha punje ya mchele. Hudumu wiki 3 mpaka 6. Jambo la kuogopwa ni moto wake: sukari ichemkayo ni moto kuliko maji yachemkayo, na ikimwagikia ngozi hunata. Basi watoto wasikaribie jiko. Nta hufanya kazi kama hiyo, lakini yako tafauti ambayo Mwislamu yampasa aijue: sukari huyeyuka kwa maji, na nta haiyeyuki. Masalio ya nta juu ya ngozi huzuia maji kuifikia, na josho halitimii mpaka yaondolewe, aghlabu kwa mafuta.

4. Dawa za kupaka. Wazee walitumia nura, nayo ni chokaa iliyochanganywa na zarnikhi. Zarnikhi ina sumu kali, na kwa hivyo leo haifai kutumiwa, ingawa vitabu vyetu vya fiqhi vyaitaja. Dawa za dukani za leo zimetengenezwa kwa namna nyengine: huuyeyusha unywele hata ukapanguswa. Lakini ngozi nayo ina asili moja na unywele, na kile kiyeyushacho hiki, kikiachwa, hukila na kile. Hapa ndipo lilipotokea la yule binti. Asomaye na azishike shuruti hizi: ajaribu kidogo mkononi, angoje saa 24, asipitishe dakika zilizoandikwa juu ya chupa, asipake penye jeraha wala siku aliyonyoa, asiifikishe kwenye utando laini wa ndani wa sehemu za siri, kisha aoshe kwa maji mengi. Ikichoma, aioshe papo hapo, asivumilie.

Mwenye ugonjwa wa sukari, au atumiaye dawa kali za chunusi, asing'oe kwa nta wala kwa halawa pasi na kumuuliza daktari.

MAMBO YA KUANGALIWA

Kwanza, nyusi. Hadithi ya Ibn Masud (R.A.) yakataza kunyonyoa nywele za uso kwa kutafuta uzuri, na wengi wamezifasiri kuwa ni nyusi. Mwanamke akiota ndevu au masharubu, Imam Nawawi amesema kuyaondoa si haramu, bali yapendeza. Lakini yakizuka ghafula na aende kwa daktari, kwani huenda yakawa ni dalili ya ugonjwa.

Pili, uchi. Ada ya bibi harusi kunyolewa kinena na somo wake haina asili katika sharia. Uchi wa mwanamke mbele ya mwanamke mwenziwe ni baina ya kitovu na magoti, wala haufunuliwi ila kwa dharura. Somo na amfundishe kwa maneno, na binti aingie chooni ajitengeneze mwenyewe. Lau ada hii ingeachwa, yule mtoto angejipaka kidogo, akahisi moto, akaosha.

Tatu, khofu za uchawi. Wako wanaokusanya nywele hizi kwa kuogopa kulogwa. Kuzifukia ni adabu na usafi. Kuamini kuwa unywele waweza kumdhuru mtu pasi na idhini ya Mola wake ni udhaifu wa imani.

TUCHAGUE IPI?

Mwenye haraka na ngozi yenye udhia kidogo, wembe wake mwenyewe wamtosha. Atakaye kukaa muda mrefu na awezaye kuvumilia, halawa ni bora kuliko nta kwa sababu ya josho. Dawa ni ya mwisho, kwa mwenye kuzishika shuruti zake. Wala hapana njia iliyo sunna hata ikamhalalishia mtu kujiunguza, kwani Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizo.

Yule binti alipona na akaolewa, Alhamdulillah. Kila mzazi asomaye haya na ayafikishe kwa wanawe kabla hawajafundishwa na maumivu. Wabillahi tawfiq.

Masuali ya kudurusu:
1. Nini maana ya mpaka wa siku 40?
2. Kwa nini masalio ya nta huharibu josho, na ya sukari hayaharibu?
3. Taja shuruti tano za kutumia dawa ya kupaka.