Kuchora Anga na Maji kwa Pasteli

Pasteli ni vijiti vya rangi kavu, laini kuliko chaki ya ubaoni. Ni unga wa rangi uliokandwa kwa gundi kidogo tu, ndiyo maana ukigusa karatasi rangi hutoka imekolea papo hapo. Huhitaji brashi, maji wala kungoja ikauke. Anga na bahari havitulii hata robo saa, na kwa kazi hiyo sijaona rangi inayofaa zaidi.

Ununue nini? Maduka ya vifaa vya shule mara nyingi huuza pasteli za mafuta. Hizo zinanata, wewe ulizia pasteli kavu. Boksi la wanafunzi la vijiti 24 linatosha, ila hakikisha lina bluu angalau tatu, kijivu na zambarau. Kama pesa ni kidogo, tafuta boksi la vijiti vilivyokatwa nusu, maana unapata rangi nyingi zaidi kwa gharama ileile. Karatasi nyororo haishiki unga, na ile ya wasanii ni ghali. Kwa mazoezi nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue msasa wa maji namba 400, ambao bei yake ni ndogo. Usiutumie kwa picha ya kuuza, kwani haudumu miaka mingi.

Ukae wapi? Ufukwe wa Dar es Salaam unatazama mashariki, kwa hiyo fika alfajiri. Forodhani, Unguja, jua huzama baharini. Kaa pale kuanzia saa 11 jioni.

Anza na mstari wa upeo, pale bahari inapokutana na anga. Unyooke kabisa, na usiwe katikati ya karatasi. Kisha paka anga. Utosini bluu imekolea, ikishuka inapauka, na karibu na upeo huingia njano au waridi. Wanaoanza hupaka bluu moja juu hadi chini, anga ikawa kama ukuta wa duka. Mawingu nayo yana matumbo ya kijivu na zambarau. Weupe wake uweke mwisho. Ya mbali yawe madogo na membamba.

Sasa maji. Vijiti ulivyotumia angani usivirudishe kwenye boksi, kwa sababu ndivyo vya maji pia. Maji yaliyotulia huigeuza anga: mbali yamepauka, karibu na miguu yako yamekolea. Upepo ukivuma, bahari ya mbali mara nyingi hukolea kuliko anga iliyo juu yake. Penye kina kifupi juu ya mchanga mweupe, tia kijani. Tanga jeupe la jahazi likiakisiwa majini hufifia kidogo, na ubavu mweusi huwa mweusi kidogo tu kuliko kivuli chake. Vuta michirizi ya mlalo, minene karibu, myembamba mbali.

Kidole kitumie kwenye tabaka la kwanza la anga tu. Ukisugua kila mahali rangi inakufa.

Vumbi usilipulize. Toka nje, gonga karatasi kwa nyuma. Ukichorea ndani vaa barakoa, na nawa mikono kabla ya kula, maana baadhi ya rangi nyekundu na njano zina kadimiamu, madini yenye sumu.

Mfaransa Eugène Boudin, aliyezaliwa Honfleur mwaka 1824, alichora anga nyingi za pwani kwa pasteli, akiandika pembeni tarehe, saa na upepo. Mwaka 1859 mshairi Charles Baudelaire alizisifu, akisema hata ukiyaziba maandishi hayo kwa mkono ungeweza kukisia majira, saa na upepo. Nakusihi ufanye hivyohivyo: “kusi, saa 11 jioni, maji yanajaa.” Baada ya picha kadhaa utaanza kuona bahari ya kusi inavyotofautiana na ya kaskazi.

Picha ikiisha, ifunike kwa karatasi ya kuokea bila kuiburuta. Ukiipeleka kwa fundi fremu, mwambie aweke vipande vya kadibodi pembezoni ili kioo kisiiguse rangi.