Kufika Ugenini kwa Amana: Kutoka Uwanja wa Ndege hadi Mjini bila Israfu



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu, kila mwaka tunawaaga wenzetu wanaokwenda kusoma nje. Tunawaombea dua, tunawausia kuhusu swala, marafiki na masomo. Jambo moja huwa hatulitaji: saa mbili za kwanza baada ya ndege kutua. Katika saa hizo msafiri amechoka, haijui lugha, hajui bei, na pesa zote alizopewa ziko mfukoni. Ndizo saa ambazo pesa huvuja kwa urahisi kuliko wakati wowote wa safari.

Somo letu la leo ni hilo: namna ya kutoka uwanja wa ndege wa ugenini hadi mjini kwa gharama nafuu na kwa usalama, na dini yetu inatufundisha nini juu yake. Nitatumia mfano wa Istanbul, kwa sababu wengi wetu huomba nafasi za masomo Uturuki, na kwa sababu njia hii nimeipita mwenyewe nilipokwenda kozi ya lugha ya wiki chache.

1. Nauli ni amana

Nauli yangu ilichangwa mtaani kwetu baada ya swala ya Ijumaa. Majina na viwango viliandikwa kwenye daftari. Wapo waliotoa shilingi elfu mbili, na kwa baadhi yao hizo zilikuwa pesa za mboga za siku ile. Nadhani wengi wenu mna daftari kama hilo, au mna mzazi aliyeuza mbuzi, aliyekopa kwenye chama, au aliyekuwa akiweka kidogo kidogo kwa miaka. Pesa ya namna hiyo ikiingia mfukoni mwako inabaki na haki za watu ndani yake.

Tazameni aya ya 26 na ya 27 za Suratul-Israa. Allah anaamrisha jamaa, maskini na msafiri wapewe haki yao, na papo hapo anakataza ubadhirifu kwa maneno makali. Mambo hayo mawili yamekaa mahali pamoja. Mimi nimefahamu humo kwamba msafiri ana pande mbili: ana haki ya kusaidiwa, na pia ana wajibu wa kutotapanya alichosaidiwa. Kisha aya ya 67 ya Suratul-Furqan inawasifu wanaotumia mali bila israfu na bila ubahili, wakawa katikati. Katikati hiyo ndiyo tutakayoitafuta katika somo hili, maana kuna anayepoteza pesa kwa kutojiandaa, na kuna anayejitia hatarini kwa kung'ang'ania kuokoa nauli.

Wako watakaosema: "Mimi namtegemea Allah, nitajua hukohuko." Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakisema wao ni wenye kutawakali. Wakifika Makka, wanaomba watu. Hapo ikateremka aya ya 197 ya Suratul-Baqara inayoamrisha kuchukua masurufu. Kutawakali, basi, hakuondoi maandalizi. Na katika zama zetu, kuijua njia kabla ya kuondoka ni sehemu ya masurufu.

2. Funzo la Hijra

Tukitaka kielelezo cha safari iliyopangwa, tuiangalie Hijra ya Mtume (s.a.w.). Abubakar (r.a.) aliwalisha na kuwaandaa ngamia wawili mapema. Alipompa Mtume mmoja wao, Mtume alikubali kwa sharti la kulipa thamani yake. Wakamkodi kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, mtu aliyeijua njia vizuri ingawa hakuwa Muislamu wakati huo. Wakamkabidhi wale ngamia, wakaahidiana wakutane kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Asmaa bint Abubakar (r.a.) akatayarisha chakula, akapasua mshipi wake ili akifunge.

Hesabuni mambo yaliyotimia pale: chombo cha usafiri kilijulikana, malipo yalijulikana, mjuzi wa njia alipatikana, mahali na wakati wa kukutana viliwekwa, na chakula kilikuwapo. Haya matano ndiyo tutakayoyapeleka Istanbul.

3. Istanbul kwa mpangilio

Jambo la kwanza ni kujua unatua uwanja upi. Istanbul ina viwanja viwili vya abiria. Mmoja unaitwa Istanbul tu, uko upande wa Ulaya, kaskazini, mbali na katikati ya mji. Mwingine ni Sabiha Gökçen, uko upande wa Asia. Kati yake kuna mlangobahari wa Bosphorus. Anayekosea hapa hupanga kupokewa upande mmoja naye akatua upande wa pili. Angalia tiketi yako: IST ni ule wa Ulaya, SAW ni ule wa Asia.

Jihadharini pia na maelekezo ya zamani. Kaka zetu waliotangulia walikuwa wakitua Atatürk, na treni ya kutoka pale bado inatajwa katika maelekezo mengi. Safari za abiria zilihamishwa kutoka Atatürk mwezi Aprili 2019. Basi, ukipewa karatasi ya maelekezo, uliza iliandikwa mwaka gani.

Ukitua IST, kuna treni ya chini ya ardhi, njia ya M11. Ilianza kufika uwanjani mwaka 2023, na mwaka 2024 ikaunganishwa hadi Gayrettepe. Pale Gayrettepe unabadilisha kwenda njia ya M2, ambayo inapita Taksim, Vezneciler karibu na Chuo Kikuu cha Istanbul, hadi Yenikapı. Kuna pia mabasi ya uwanjani ya Havaist, ambayo huenda Taksim na sehemu nyingine za mji. Basi lina nauli kubwa kuliko treni, lakini sanduku linawekwa chini na hubadilishi chombo. Mwenye begi moja achukue treni. Mwenye masanduku mawili mazito afikirie basi, kwa sababu kuyakokota katika njia ndefu za chini ya ardhi kunachosha sana.

Ukitua SAW, kuna njia ya M4 iliyofika pale mwaka 2022. Inakwenda hadi Kadıköy. Ukitaka kuvuka upande wa Ulaya, shuka Ayrılık Çeşmesi, uchukue Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu mwaka 2013, nayo itakufikisha Sirkeci na Yenikapı.

Kwa treni na mabasi ya mji hutumika kadi inayoitwa Istanbulkart. Inauzwa kwenye mashine kituoni, unaitia pesa, kisha unaigusisha mlangoni. Usiitupe, maana kadi hiyohiyo utaitumia kwenye treni, mabasi na vivuko vya baharini.

Sikutaja bei kwa lira kwa sababu nauli za Uturuki hupanda mara kwa mara, na gazeti hili huenda likasomwa mwakani. Wiki ya safari, muulize mwanafunzi aliyeko huko. Lililo thabiti ni mpangilio wake: treni ndiyo nafuu, basi la uwanjani linafuata, teksi iko juu sana.

Na haya yafanyeni kabla ya kuondoka nyumbani:

- Andika kwenye karatasi anwani ya unakokwenda, kwa herufi za Kituruki, pamoja na jina la kituo cha karibu na namba ya mwenyeji wako. Simu huzima chaji.
- Pakua ramani ya mji kwenye simu ili ifanye kazi bila intaneti.
- Uwanjani badilisha pesa kidogo tu za kukufikisha, nyingine ubadilishe mjini ambako mara nyingi utapata zaidi.
- Weka chakula kidogo kwenye begi. Chakula cha uwanjani ni ghali.

4. Teksi na sharti la ujira

Mlangoni utakutana na mtu atakayekuita "ndugu yangu", atakusalimia kwa salamu ya Kiislamu na kulishika sanduku lako. Itikia salamu, kwa kuwa kuiitikia ni wajibu, kisha lishike sanduku lako. Salamu si mkataba.

Katika fiqhi, kukodi usafiri kunaingia katika mlango wa ijara. Sharti lake ni manufaa yajulikane na ujira ujulikane. Muslim amepokea hadithi ya kukatazwa biashara ya gharari, yaani yenye utata unaozaa ugomvi. Anayepanda gari la mtu akiambiwa "tutaelewana mbele" ameingia katika utata huo kwa miguu yake. Aliyekuwa na nguvu ya kujadiliana akiwa amesimama nje, akishaketi ndani na mzigo umefungiwa nyuma, nguvu hiyo imekwisha.

Je, teksi yenye mita? Bei yake haijulikani mwanzoni, lakini kipimo chake kinajulikana na kimewekwa na mamlaka. Mafaqihi walitaja mfano wa mtu anayeingia hamamu na kulipa kwa desturi bila kupatana kwanza, wakaruhusu kwa kuwa desturi imeondoa ugomvi. Mita iko karibu na maana hiyo. Kwa hiyo teksi rasmi ya Istanbul yenye mita iliyowashwa haina tatizo, ila hakikisha imewashwa na angalia rangi ya gari. Ya njano ndiyo ya kawaida, ya buluu-kijani inatoza zaidi, na nyeusi ni ya kifahari.

Nasi tuwe waadilifu. Madereva wengi wanatafuta riziki ya halali, na mwenye kupata huduma alipe alichokubali bila kunung'unika. Kupatana mwanzoni kunamlinda dereva kama kunavyomlinda abiria.

5. Pale ambapo kulipa zaidi si israfu

Hapa ndipo upande wa pili wa mizani. Siku nyingi treni hazitembei usiku kucha. Ukitua saa saba usiku, una njia tatu: basi la uwanjani kama lipo saa hiyo, teksi rasmi, au kukaa ndani ya uwanja hadi alfajiri. Kupanda gari lisilojulikana kwa sababu ni rahisi hakumo katika hizo tatu. Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha watu juu ya kusafiri peke yao usiku, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Kulinda nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia, na mali inatumika kuilinda.

Kwa dada zetu nasema hivi, na naiomba kamati izingatie: tusimhesabie dada nauli ya treni peke yake. Familia na jumuiya imtafutie wa kumpokea, ikiwezekana dada mwenzake, na katika bajeti iwekwe nauli ya teksi ya akiba. Asipoihitaji, itamfaa kwa vitabu.

Mkisafiri watatu au zaidi, teueni kiongozi, kama ilivyokuja katika hadithi aliyoipokea Abu Daud. Huyo ndiye atakayeshika karatasi ya anwani na kuamua njia. Na mkiwa wanne, pigeni hesabu: teksi moja mkigawana huenda ikakaribia nauli za basi, mkafika hadi mlangoni.

6. Swala kabla ya foleni

Ukitua karibu na alfajiri, usikimbilie treni. Swala ya alfajiri haijumuishwi na nyingine, na ukiwa ndani ya treni jua linaweza kukuchomozea. Tafuta kibao kilichoandikwa *Mescit*, ndilo neno masjid kwa matamshi ya Kituruki, na *Abdest*, yaani pa kutawadhia. Kumbuka kwamba hapa Uganda kibla chetu ni upande wa kaskazini, na Istanbul ni upande wa kusini.

Kuhusu kupunguza, katika madhehebu ya Shafii anayenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, ruhusa yake inakatika akifika mji huo. Wahanafi, ambao ndio wengi Uturuki, wanahesabu siku kumi na tano. Kwa hiyo aliyekwenda kusoma Istanbul mwaka mzima, akishafika aswali kamili. Anayepita tu akielekea Konya au Bursa bado ni msafiri. Na ukiwaona wenyeji hawajumuishi adhuhuri na alasiri safarini, usibishane nao, hayo ndiyo madhehebu yao.

7. Ukikwama

Inawezekana ukafanya yote haya na bado ukaibiwa au mwenyeji asitokee. Usione aibu. Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imemtaja msafiri miongoni mwa wanane wanaostahiki zaka, na wanazuoni wamesema aliyekatikiwa na masurufu katika safari isiyo ya maasi hupewa cha kumfikisha hata kama kwao ni tajiri. Nenda msikitini, ueleze ukweli, chukua kinachokutosha, basi.

Tunaobaki nyumbani nasi tuna sehemu yetu. Napendekeza jumuiya iwe na daftari la njia: kila anayefika mji mpya aandike nauli aliyolipa, kituo alichoshukia na tarehe, kisha amtumie katibu. Ukurasa mmoja kama huo utamfaa anayefuata kuliko hotuba yetu ya kuaga.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini katazo la ubadhirifu limekuja pamoja na haki ya msafiri? Jadilini.
2. Taja mambo matano ya maandalizi ya Hijra na ulinganishe na safari yako ijayo.
3. Dereva amekataa kutaja bei na kukataa kuwasha mita. Hukumu ya kupanda ni ipi, na utafanya nini?
4. Ni wakati gani nauli kubwa zaidi inakuwa ndiyo matumizi ya katikati?

Allah awafikishe salama wasafiri wetu, awalipe kheri waliowachangia, na ajaalie tuwe wenye kutunza amana. Aamin.

Wabillahi tawfiq.