Chaja yangu inakoromesha redio ya jirani

*Mimi ni fundi wa redio na sola hapa Ngorongo, Rufiji. Nimeunda sakiti ya kushusha volti 12 za betri hadi 5 za kuchajia simu. Simu inajaa vizuri, ila redio ya jirani inakoroma hadi taarifa ya habari haisikiki. Nifanyeje?*
*Fundi, Ngorongo*

Ndugu fundi, usiivunje sakiti yako, inatengenezeka. Swichi yake hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila badiliko la ghafla huzaa mawimbi. Nyaya ndizo huyarusha. Kwenye FM, megahezi 100, waya wa sentimita 75 tu ni antena nzuri.

Kazi kubwa iko kwenye njia ya mkondo. Kapasita ya kuingilia, swichi na dayodi vikae karibu mno, miguu ikatwe mifupi, ili duara ambalo mkondo unazunguka liwe dogo. Ongeza kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 0.1 palepale penye swichi, si pembeni. Ukichora bodi, upande wa chini acha shaba nzima iwe graundi. Kisha sokota pamoja nyaya za chanya na hasi, uzipitishe zote mbili kwenye pete ya feraiti. Pete hizo zimo kwenye kebo za kompyuta zilizokufa, kwa hiyo usizitupe!

Zungusha redio ndogo kandokando ya bodi. Inapokoroma zaidi ndipo pa kurekebisha. Ukizima chaja na mkoromo ukabaki, chunguza inveta ya sola, kama ipo karibu.

Usumbufu ukifika kwenye redio za mawasiliano za boti au za kituo cha afya, zima kifaa mara moja, uwaulize TCRA, wanaosimamia masafa nchini.