Kubadilisha Nyonga kwa Mpasuo Mdogo: Maswali na Majibu kwa Watahiniwa

Swali 1: Upasuaji huu una tofauti gani na ule wa kawaida?
Nyonga bandia ni ileile. Kinachobadilika ni njia ya kuifikia. Mpasuo wa kawaida huwa na urefu wa sentimita 15 hadi 25, mdogo kwa kawaida hauzidi 10. Ukiishia kwenye urefu wa kovu, umejibu nusu ya swali. Eleza misuli imefanywaje: imekatwa, imebanduliwa kwenye mfupa, au imesogezwa tu.

Swali 2: Taja njia zake.
Njia ya nyuma hubandua misuli mifupi inayozungusha paja kwa nje, kisha huishona tena. Njia ya mbele hupita kati ya misuli ya satoriasi na tensa ya fasia lata bila kukata msuli. Wengi huiita mpya, ilhali Robert Judet aliitumia Ufaransa tangu miaka ya 1940. Njia ya mipasuo miwili, ikiongozwa na eksirei, ilivuma Chicago mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo ni nadra.

Swali 3: Je, kovu fupi humponya mgonjwa haraka zaidi?
Watahiniwa wengi huangukia hapa. Utafiti wa Belfast uliochapishwa mwaka 2005 uligawa wagonjwa 219 kwa kura: wengine mpasuo wa sentimita 10, wengine 16, wote kwa njia ya nyuma na daktari mmoja. Maumivu, damu iliyopotea na uwezo wa kutembea siku za mwanzo havikutofautiana. Hata hivyo, wanaopasuliwa kwa njia ya mbele huelekea kutembea vizuri mapema, katika wiki za kwanza. Baada ya miezi kadhaa wenzao wa njia nyingine huwafikia.

Swali 4: Hatari ni zipi?
Zilizo nyingi hutokana na kutoona vizuri: kikombe cha nyonga bandia hukaa kwa pembe mbaya, au fupa la paja hupasuka shina la nyonga hiyo likigongwa ndani yake. Njia ya mbele inaweza kujeruhi neva ya ngozi ya paja, upande wa nje ukafa ganzi. Kwa njia ya nyuma, taja neva ya siatiki na nyonga kuteguka. Daktari anayejifunza huongeza hatari.

Swali 5: Nani hafai?
Mnene sana, mwenye nyonga yenye kilema kikubwa, au anayerudiwa upasuaji.

Swali 6: Daktari akirefusha mpasuo katikati ya kazi, ameshindwa?
Hapana. Kikombe kilichokaa sawa kina thamani zaidi kuliko kovu fupi.