Unasubiri majibu? Usikimbie benchi!

Umeshatolewa tone la damu kupima VVU, nesi kakuambia usubiri nje. Kipimo cha haraka huchukua kama dakika 20 tu, lakini moyo ukidunda zinakuwa kama siku nzima. Wengine huchoropoka bila majibu. Wewe usifanye hivyo. Jaribu haya:

1. Andika maswali ya kumuuliza mshauri. Mfano: "Kama nilijihatarisha wiki iliyopita, nirudi lini?" Virusi vipya huchelewa kuonekana kwenye kipimo.
2. Nenda na rafiki msiri. Pigeni stori za mpira au mitihani.
3. Unakohoa? Funika mdomo, kaa karibu na dirisha. Kifua kikuu husambaa kwa hewa.
4. Usimchunguze jirani. Awe Bukoba mjini, Rubya au Ndolage, huenda kaja kwa malaria tu.

Kwa nini usubiri? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa Kagera mwaka 1983. Wakati huo hapakuwa na kipimo wala dawa. Leo dawa zipo, tena bure, na anayezimeza kila siku anaweza kuishi miaka mingi, kusoma na kulea familia. Tangu 2019 sheria inakuruhusu kupima kwa ridhaa yako mwenyewe ukifikisha miaka 15.

Jadilini darasani: Rafiki yako anataka kuondoka kabla ya kuitwa. Utamwambia nini?