SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: Kutambua Boliti na Vipande Vilivyodondoka vya Mashine za Useremala

Useremala ni kazi ya siku nyingi katika wilaya ya Songea. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na karakana zao zimefundisha maseremala wengi wa Ruvuma. Leo wanachama wengi wanafanyia kazi nyumbani, kwa msumeno wa duara au mashine ya randa iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika. Mashine hizo hazikutoka mahali pamoja. Baadhi zimetoka Ujerumani, nyingine Uingereza, nyingine Uchina, na kila moja ilikuja na boliti za kwao.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Fundi husafisha mashine, huirudisha, kisha huona nati moja imesalia mezani. Asipojua ilitoka wapi, huitupa ndani ya kopo la vipuri na kuwasha umeme. Kipande kilichosalia mezani ni kipande kinachokosekana katika mashine. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: mashine isiwashwe mpaka kila kipande kimetambuliwa.

1. Kipande kilikuwa na kazi gani?

Umbo la kipande hueleza kazi yake. Skrubu fupi isiyo na kichwa, yenye tundu la pembe sita, kwa kawaida hukaza puli juu ya ekseli. Kipande kidogo cha chuma chenye pande nne huingia katika mfereji kati ya ekseli na puli, ili vizunguke pamoja. Pete ya chuma iliyokatwa upande mmoja huzuia beringi isitoke mahali pake. Washa ya springi, ambayo ncha zake hazilingani, huzuia nati isilegezwe na mtikisiko. Boliti yenye kitasa cha mkono aghalabu ni ya kukaza kiongozi cha mbao au kinga ya msumeno.

2. Nyuzi zake ni za kipimo gani?

Nyuzi ni mikato inayozunguka boliti. Boliti ya milimita 8 na ile ya zamani ya Kiingereza ya inchi 5/16 hufanana sana kwa macho, kwani ya pili ina unene wa milimita 7.94. Lakini nyuzi zao hazilingani. Fundi apime kwa rula urefu wa nafasi kumi za nyuzi. Katika boliti ya kawaida ya milimita 8 atapata milimita 12.5, katika ile ya inchi 5/16 atapata kama milimita 14.1. Kwa boliti ya milimita 10, nafasi kumi ni milimita 15.

Asiye na rula nzuri achukue boliti inayojulikana, ailaze ubavuni mwa ile isiyojulikana, na kuziinua kwenye mwanga. Nyuzi zikilingana, hazionyeshi upenyo. Nati ikiingia mizunguko miwili kisha ikagoma, isilazimishwe kwa spana. Nyuzi zikiharibika, boliti huonekana imekaza ilhali haishiki.

3. Inakazwa upande gani?

Si kila nati hukazwa kwa kuizungusha kulia. Katika misumeno ya duara, nati inayoshika msumeno hulegezwa kwa kuizungusha upande uleule ambao msumeno huzungukia. Kwa hiyo baadhi yake zina nyuzi za kushoto. Nati hiyo isibadilishwe na nyingine ya kopo.

4. Ina nguvu gani?

Kichwa cha boliti ya milimita huwa na tarakimu, kama vile 4.6 au 8.8. Tarakimu ya kwanza, ikizidishwa kwa 100, huonyesha nguvu ya chuma kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba kabla hakijakatika. Hivyo boliti ya 4.6 ina nusu tu ya nguvu ya ile ya 8.8, hata kama unene ni mmoja. Boliti dhaifu yaweza kushika mguu wa meza. Isitumike kamwe kushika visu vya randa, ambavyo huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Kisu kikichomoka, hakichagui wa kumpiga.

Wajibu wa katibu

Chama chenye mashine ya pamoja kiwe na daftari la vipuri. Kila boliti inayofunguliwa iwekwe katika kikopo chenye jina la sehemu yake, na mchoro mdogo uchorwe kabla ya kufungua. Kipande kisichotambuliwa kifungiwe kibandiko chenye tarehe, jina la mashine na mahali kilipookotwa. Mafundi wa karakana za SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, waweza kuombwa ushauri. Gharama ya boliti sahihi ni ndogo. Gharama ya vidole vya mwanachama hailipiki.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Kuna vipande vingapi katika kopo la karakana yetu ambavyo havijulikani vilikotoka?
2. Ni nani mwenye mamlaka ya kuzuia mashine isiwashwe?
3. Kwa nini nati inayoingia kwa shida isikazwe kwa nguvu?