Plasma Ikigoma Kuwaka: Mwongozo wa Nyumbani kwa Wakazi wa Kivaa

Kijitabu hiki ni cha mwenye runinga ya plasma iliyoharibika, anayetaka kujaribu kuitengeneza mwenyewe. Kazi unayoweza kuifanya salama ipo, na yote iko nje ya kifuniko cha nyuma.

1. Anza na umeme

Kivaa iko karibu na mabwawa ya Tana, lakini stima ya mabwawa hayo haiji nyumbani moja kwa moja: huingia kwanza kwenye gridi ya taifa, kisha hurudi kupitia transfoma. Aliye mwisho wa laini anaweza kuona volti zikishuka jioni, na kupanda ghafla stima inaporudi.

- Hakikisha tokeni hazijaisha, kisha jaribu soketi kwa chaja ya simu.
- Chomoa plagi, subiri dakika kumi, chomeka tena.
- Soma kibandiko cha nyuma. Umeme wa Kenya ni volti 240. Runinga ya mtumba iliyotengenezewa Japani (volti 100) au Marekani (volti 120) itaungua ukiichomeka bila transfoma ya kushusha volti.

2. Soma dalili

- *Hakuna taa hata moja:* umeme hauingii, au bodi ya umeme imekufa.
- *Taa nyekundu inapepesa:* runinga imejizima ili kujilinda. Hesabu inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika, uandike. Kwa aina nyingi, idadi hiyo humwelekeza fundi kwenye bodi yenye hitilafu.
- *Inalia "ka", inawaka, inazima:* mara nyingi ni kapasita zilizochoka (zimeelezwa sehemu ya 3).
- *Sauti ipo, picha hakuna:* usihangaike kumulika skrini kwa tochi kama ifanywavyo kwa LCD. Plasma haina taa ya nyuma. Kila nukta huwaka yenyewe. Shuku bodi zinazoendesha kioo.
- *Chenga tupu:* huenda runinga ni nzima. Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015, na plasma nyingi za zamani zinahitaji king'amuzi.
- *Nembo ya stesheni imeganda kama kivuli:* kioo kimechakaa. Kubadilisha bodi hakutasaidia.

3. Komea hapa

Ndani ya kifuniko kuna kapasita, vikopo vya duara vilivyosimama juu ya bodi. Kubwa kati yake hubeba volti 300 hadi 400, na chaji inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Iliyokufa mara nyingi hujionyesha: kichwa chake, kinachopaswa kuwa bapa, kimevimba, au kimevuja majimaji ya kahawia yaliyokauka.

Fundi hutoa chaji kwa rizista, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa chochote. Kama huna mita au hujafundishwa kuitumia, usifungue. Usiunganishe miguu ya kapasita kwa bisibisi, na usiweke waya mahali pa fyuzi iliyoungua: fyuzi hukatika kwa sababu kuna kingine kilichoharibika, na waya huo unaweza kuleta moto.

4. Kabla ya kulipa

Panasonic iliacha kutengeneza plasma mwishoni mwa 2013. Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Kwa hiyo bodi nyingi zinazouzwa leo hutolewa kwenye runinga zilizovunjwa. Uliza bei ya bodi, ufundi na muda wa dhamana kabla kazi haijaanza. Kumbuka pia tokeni: plasma ya inchi 42 inaweza kula wati 200 au zaidi, ilhali LED ya ukubwa huo kwa kawaida haifiki 100.

Ukiipeleka kwa fundi, ifunge kwa blanketi na isafiri wima. Ikilazwa, kioo hupasuka kwa urahisi.

Isipotengenezeka, usiichome wala kuitupa korongoni. Muulize fundi kama atainunua kwa ajili ya vipuri, au ipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki.

Ikirudi nzima, inunulie kifaa cha kuilinda, kile kinachokaa kati ya soketi na plagi na kukata umeme volti zinapoyumba. Mvua ikianza kunguruma, ichomoe pamoja na waya wa antena.